Koti la Betri

Fundi wa funguo aliiangalia betri ikiwa uchi kwenye meza, akageuza macho kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi. Tangu mkewe aishonee koti, betri ile haikuwahi kutoka nje bila nguo. Lakini jana yake jioni fundi wa betri alimwambia maneno yaliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki, na sasa koti lilikuwa limekunjwa na kusukumwa nyuma ya ndoo, chini ya karo, mkewe asilione.

Aliipachika betri kwenye baiskeli, akageuza ufunguo. Mistari ya chaji ikawaka yote. Hiyo haikumfurahisha. Siku ya Jumatatu pia iliwaka yote, na bado betri ilizima katikati ya mlima ikakataa kabisa kuamka, yeye na mkewe wakarudi nyumbani bila kufika hospitali.

Hospitali yenyewe iko juu. Basi linashushia chini ya mlima, na mlima ule hata mtu mzima wa afya akiutazama anaanza kutafuta pa kukaa. Mkewe figo zilipokataa kazi, daktari alisema lazima damu yake isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki, maisha yake yote, au mpaka Mungu afungue njia nyingine. Mwanzo walikodi gari. Gari likala viti vya sebuleni, likala redio, likala kabati. Lilipoanza kukitazama kitanda, mke akasema yeye mwenyewe, tena kwa sauti ya mzaha:

"Mzee wangu, uza cherehani."

"Cherehani yako? Bibie, ile ndiyo mikono yako."

"Mikono imevimba, nitashona nini? Uza mikono, uninunulie miguu."

Basi baiskeli ya umeme ikaingia nyumbani mlango uleule iliotokea cherehani. Ilikuwa imeshatumika, rangi imechubuka, lakini mota yake ilikuwa na sauti tulivu, na mlima ilikuwa ikiupanda kama haupo. Mume, kwa kuwa mikono yake imezoea vitu vidogo vya chuma, akaishughulikia jioni baada ya jioni. Keria ya nyuma aliigeuza kiti chenye egemeo la mbao. Akaweka vyuma viwili vya kushika, vikanyagio vya miguu, na mkanda uliotolewa kwenye begi kuukuu ili mgonjwa akisinzia asidondoke. Akachomelea bomba la kushikia mwavuli. Akafunga taa, honi, na kioo kimoja cha pembeni. Kioo kile hakikutazama barabara. Alikipinda makusudi kimtazame mkewe, ili ajue akibadilika uso.

Jirani yao, dereva wa teksi, alikuwa akipita na kucheka. "Bado jiko na choo tu, mhamie humo!"

Naye mke hakutaka kukaa bure wakati mwenzake anahangaika. Siku mvua ya kwanza ilipowanyeshea njiani, alifika nyumbani akaipangusa betri kwa kanga yake. Halafu akasema, "Kitu kinachotubeba kiloe, sisi tukae chini ya mwavuli? Hapana, siyo haki." Alichukua koti lake la mvua, akalikata, akaweka sponji ndani, akaanza kushona kwa mkono, maana cherehani haikuwapo tena. Sindano ilimponyoka mara kwa mara kwenye vidole vile vilivyojaa maji. Akimaliza mshono mmoja anapumzika, anamshukuru Mungu, anaendelea. Likatoka koti lenye pindo, lenye vifungo vya kubana, hata na tundu la kupitisha waya wa chaja ili betri isivuliwe wakati wa kulala. Mume alipoivika mara ya kwanza alicheka mpaka machozi. Betri ilikuwa imependeza kuliko wao.

Kuanzia hapo kila siku ya hospitali alisikiliza vitu viwili. Kwanza aliweka vidole kwenye mkono wa kushoto wa mkewe, pale madaktari walipounganisha mishipa kwa ajili ya mashine, kwa sababu mshipa huo ukiwa mzima unanguruma chini ya ngozi, mtu anausikia kabisa. Kisha aliinua gurudumu la nyuma akalizungusha, asikilize mota. Vyote viwili vikinguruma, anasema alhamdulillahi ya moyoni, wanatoka.

Jumatano hiyo mkono ulinguruma, ila uso wa mkewe ulikuwa umejaa, macho yamekuwa membamba. Tangu Jumatatu alikuwa akilala amekaa, mito mitatu mgongoni, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Sista wa kitengo aliwaambia kwa simu, bila kupindapinda: "Jumatano msikose. Maji yakifika kifuani, mimi sitakuwa na la kufanya."

"Koti la betri liko wapi?" mke aliuliza akiwa bado hajapanda.

"Nimelifua."

"Wewe?" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Tangu unioe hujafua hata leso."

"Basi nimeanza leo, niombee nisirudi nyuma."

Mke alimtazama, akaacha. Hakuwa na pumzi ya kubishana.

Maneno ya fundi wa betri yalikuwa haya. Fundi huyo watu wanamwita Shoti, kwa sababu vidole vyake vyote vina alama za kuungua kwa shoti za umeme. Aliifungua betri kwenye benchi lake, akanusa, akainua kichwa.

"Kaka, hii mmeifanyaje?"

"Tumeitunza."

"Mmeipika." Akamwonyesha betri ndogondogo za ndani zilizopangwa kama mayai, nyingine zimetuna, na kutu ya kijani kwenye viungo. "Ikipanda mlima inapata joto, na joto linataka pa kutokea. Nyie mmeivika koti la sponji, mkafunga na vifungo. Ikirudi imechemka mnaichaji humohumo. Na mvuke wa ndani nao hauna pa kwenda, ndiyo kutu hii. Mvua kidogo isingeifanya kitu, ganda lake linazuia. Nani kawashonea?"

"Mke wangu."

Shoti, mtu wa utani hata msibani, alilichukua koti akaligeuza, akapitisha kidole kwenye pindo. "Kashona vizuri," alisema tu, akalirudisha.

"Inatengenezeka?"

"Za aina hii huku hazipatikani haraka. Nimeagiza, zikifika nitakuita. Kwa sasa iende uchi. Mwendo wa chini kabisa, na usaidie kwa pedali tangu mwanzo. Taa usiwashe, honi usiguse. Ikizima, iache ipoe, usiilazimishe."

"Kesho tuna hospitali, Shoti. Akikosa kesho..." Hakumaliza.

"Nimekusikia, kaka."

Asubuhi alikuwa amembishia hodi dereva wa teksi. Mke wa dereva alitoka na mswaki mdomoni akasema mume wake amempeleka abiria mbali, amelala hukohuko. Kwa hiyo ilibaki baiskeli ile ile.

Walivuka soko, wakapita karakana za mabati, yeye akipiga pedali kama kijana na moyo ukimwenda mbio kama wa mzee, na mzee kweli alikuwa. Kwenye kioo aliuona uso wa mkewe, midomo ikisogea. Alikuwa anaomba. Mlima ulipoanza, mistari ya chaji ilishuka kama ngazi, kisha kikaja kitu cha kukatisha tamaa kuliko vyote: kimya. Mota ilinyamaza katikati ya mngurumo.

Alishuka akaanza kusukuma. Baiskeli ya umeme ikikosa umeme ni mzigo wa chuma, na juu yake kulikuwa na kiti cha mbao, vyuma, bomba la mwavuli, na vyote vile alivyoviongeza kwa mapenzi. Kila parafujo aliyoikaza jioni zile sasa aliihisi mabegani. Alipungia gari la kwanza mkono, likapita. La pili likapunguza mwendo, dereva akatazama, akafunga kioo. Viatu vyake vilianza kuteleza kwenye kokoto.

"Mungu wangu, si leo," alisema kwa sauti bila kujijua. "Siku nyingine yoyote. Si leo."

"Simama," mke alisema nyuma yake.

"Tutachelewa, mashine atapewa mwingine."

"Simama, nimesema. Unanificha nini?"

Alisimama. Jasho lilimwingia machoni, hakuweza kulifuta kwa sababu mikono yote ilishika baiskeli. Akamwambia hivyo hivyo, amempa mgongo, akiongea na usukani. Joto, mvuke, kutu, Shoti, na koti nyuma ya ndoo.

Pumzi ya mkewe ilikuwa fupifupi.

"Ni mimi?"

"Ni sisi, bibie. Nani alijua?"

"Wewe ulisema vifungo viwili vinatosha. Nikaweka sita, na vya kubana." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilishona kwa sala, mzee wangu. Kila mshono. Nilikuwa naiombea."

Ndiyo maana alilificha koti. Betri aliweza kuikosa, cherehani walishaikosa, lakini hakutaka mkewe, mwenye kujibeba kwa shida namna hii, abebe na hili.

"Nishushe," mke akasema.

"Huwezi kutembea."

"Sijasema natembea. Nishushe."

Alifungua mkanda, akamshusha, akamkalisha kwenye ukingo wa mtaro karibu na gurudumu. Alidhani anataka kulia. Mke alivua kitambaa cha kichwa, akakikunja mara mbili, akaanza kuipepea betri. Polepole, kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ameulaza mapajani asiuchoshe. Aliipepea vile mama anavyompepea mtoto aliyeshikwa na homa mchana.

Wapakuzi wawili waliokuwa wakipanda na mikokoteni mitupu walisimama. "Mama, mbona unaipepea baiskeli?"

"Ina homa," alijibu bila kuinua macho.

Walicheka, wakapita. Hatua chache mbele mmoja aligeuka kutazama, hakuwa akicheka tena.

Mume alipiga magoti upande wa pili, akavua shati, naye akapepea. Aligusa ganda: moto. Akapepea, akagusa tena: moto. Muda ulikuwa unakwenda, juu huko majina yanaitwa, na mkewe kila alipovuta pumzi kulikuwa na mlio mdogo ndani, kama maji yanayochemka mbali. Alitaka kuugeuza ufunguo. Mkono ulienda wenyewe, akaurudisha. Iache ipoe, usiilazimishe. Hakuna alilofanya maishani mwake lililomgharimu kama kukaa pale bila kufanya kitu.

Alipogusa safari nyingine, ganda lilikuwa vuguvugu. Akamtazama mkewe, mkewe akatikisa kichwa kukubali. Akageuza ufunguo. Mstari mmoja uliwaka, mwekundu.

Hakupanda yeye. Alimpandisha mke, akashika usukani akitembea pembeni, akaipa mota umeme kidogo kabisa, akasukuma nayo. Ilinguruma kwa kusitasita, ikisaidiwa, ikipumzika, ikisaidiwa tena. Ikawafikisha mbele ya geti, ikafa palepale.

Mlinzi wa geti alikuwa anawafahamu. Siku nyingine angesema lile neno lake, kwamba mzee analeta wagonjwa wawili, mama na baiskeli, kwa tiketi moja. Leo alitupa kirungu chake, akashika keria. "Wameshaanza kuita," alisema. "Twende, twende."

Mashine yao ilikuwa na mtu. Sista alitoka akamtazama mke uso, akaminya mguu wake kwa kidole, shimo likabaki.

"Jina lako limeitwa mara tatu, dada yangu."

"Tulikuwa mlimani," mume alisema. Hakuwa amevaa shati. Alikuwa bado amelishika mkononi.

Sista hakuuliza zaidi. "Yule pale pembeni anamaliza mapema. Nitakuweka hapo, ila muda wako hautatimia, kuna mwenzako wa zamu ya mchana. Maji yote hayatatoka. Na Ijumaa," alimgeukia mume, "Ijumaa asubuhi na mapema. Baba, sitanii."

"Ndiyo, sista."

Mlinzi alimruhusu mume kuchaji betri kibandani kwake. Mume aliiacha kwanza ipoe sawasawa kwenye sakafu ya saruji, uchi, ndipo akachomeka chaja. Akakaa karibu, kiganja juu ya ganda, akisikiliza joto. Kila baada ya muda aliinuka kwenda kuchungulia dirishani kwa mkewe, akarudi, akaweka kiganja.

"Utailea mpaka ikue," mlinzi alisema kwa upole.

Alipochungulia mara ya mwisho mke alikuwa macho, mirija miwili myekundu ikitoka kwenye mkono. Alimwita kwa kidole, mume akaingia.

"Inachaji?"

"Kidogokidogo. Sijui itashika."

"Tukifika nyumbani nipe lile koti."

"La nini, bibie? Liache tu."

"Nilifumue. Sponji yake bado nzuri. Egemeo la kiti chako linanitoboa mgongo tangu siku ya kwanza, nilikuwa naona haya kukuambia."

Alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, akageukia ukuta. Mke alimwacha amalize. Kisha alimshika kidole, akakiweka kwenye mkono wake wa kushoto juu kidogo ya plasta. Ulikuwa unanguruma. Simu ya Shoti haikuwa imelia. Dereva wa teksi hakuwa amerudi. Mlima ulikuwa palepale, na kesho kutwa ni Ijumaa. Alifumba macho, kidole kikiwa bado mkononi mwa mkewe, na mambo mengine yote aliyozoea kumwomba Mungu aliyaweka kando kwanza, akaomba hiyo Ijumaa.