Bunduki Mbili za Evon

Evon alirudi kijijini nywele zimeshaanza mvi, na alikuwa hajawahi kuua sili, yule mnyama wa bahari ya barafu. Kwingine hilo si habari. Kwetu pwani ya Alaska, mwanamume wa umri ule asiye na sili hasemwi na mtu, anatazamwa tu, na kutazamwa ndiko kubaya.

Si kosa lake, mimi nasema hivyo na atakayebisha abishe. Alipelekwa Anchorage akiwa mdogo, akakulia huko, akaziba pancha za magari ya watu mpaka gereji ikafungwa. Mama yake, Nastasia, alibaki hapa akimsubiri. Chini ya kitanda chake kulijaa maboksi ya taulo, vitambaa, sindano na bakuli. Mwana akileta sili wake wa kwanza, mama hugawa nyama, kisha husimama kwenye ngazi za nyumba na kuwarushia wanawake wa kijiji vitu vyote hivyo, asibakize hata kimoja. Wenzake walirusha zamani, watoto wao wakiwa bado hawajaota ndevu. Nastasia alikwenda kuokota kwa kila mmoja wao, akacheka nao, akarudi kwake. Sasa moyo wake umechoka, muuguzi amemkataza kupanda ngazi, na sote tulijua kwamba asiporusha mwaka huu harushi tena.

Evon alikuwa na bunduki mbili, zote nyepesi, zote za kujipakia zenyewe: ukifyatua, risasi nyingine imeshaingia. Moja ilikuwa ya marehemu baba yake, ndogo, yenye risasi kama punje, kitako kimezungushwa tepu. Ya pili aliinunua Anchorage, nyeusi, yenye risasi ndefu za kumfikia sili aliyelala mbali juu ya barafu, au kulungu. Asubuhi ya safari ya kuwinda alizilaza mezani akazitazama kama mtu anayechagua suti ya harusi. Nilimwambia achukue moja, boti yetu ni finyu.

Moses, mume wangu, ni mtoto wa shangazi yake Evon. Kwetu watu hao ni watani wa kufa na kuzikana.

"We fundi pancha," Moses akamwambia, "hiyo kubwa waachie wanaume. Beba hiyo ya watoto, ndiyo saizi yako."

"Saizi yangu?"

"Ndiyo. Kubwa itakutupa majini, halafu tukuopoe wewe badala ya sili."

Nilicheka. Lakini ule ulikuwa ushauri, na wa maana. Kwetu mtu mzima hafundishwi waziwazi kama mtoto, ni kumvunjia heshima. Unalifunga neno ndani ya utani, yeye atalifungua mwenyewe. Barafu ilikuwa imeshaondoka na sili wote wako majini. Majira hayo wamekonda, hawana mafuta ya kuwafanya waelee, na mto umemwaga mpaka baharini maji yake matamu, yasiyobeba kitu kama ya chumvi. Ukimuua papo hapo, anazama kama jiwe. Unamtia jeraha kwa ile ndogo, anachoka, unamsogelea na kumpiga chusa lenye kamba na boya.

Haya yote yalikuwa ndani ya mzaha wa Moses. Evon alisikia tusi tu. Akabeba ile nyeusi, shingo imekakamaa.

Sili aliibuka mbele yetu, kichwa kimetulia, akatutazama. Evon akafyatua mara moja. Shabaha anayo, simnyimi. Nilikuwa kwenye mashine, nikaikimbiza boti, Moses amesimama na chusa mkononi. Tulikuta damu na utando wa mafuta juu ya maji, basi. Evon alilala ubavuni mwa boti akaingiza mkono mpaka begani, anapapasa.

"Amezama," Moses akasema. Sauti yake haikuwa na utani tena.

"Lakini nimempiga vizuri."

"Vizuri mno. Ile ndogo ingemchosha tu, nikamwahi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, ndugu yangu."

Evon aliufikiria mzaha wa asubuhi, nikauona uso wake unavyobadilika. Moses naye aligeukia upande mwingine. Sijui nani kati yao aliona aibu zaidi.

Baadaye Moses alipata sili kwa bunduki yake ndogo. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Huyu wako. Mke wangu hakuona kitu."

"Sikuona," nikasema.

Evon akaifunika ile nyeusi kwa turubai.

Ufukweni wanawake walikuwa wameshajaa, kila mmoja na mfuko wake mtupu kwapani. Nastasia alisimama mbele na kikombe cha maji ya kunywa, maana sili anaishi kwenye chumvi, huja kwetu na kiu, na mwenye adabu humtia maji mdomoni. Aliinama kwa shida.

"Ni wako, mwanangu?"

Moses alikohoa. Evon akatazama matope.

"Wa Moses. Wangu nimemzamisha."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Walikunja mifuko yao polepole, wakajifanya wana vyungu jikoni, wakaondoka mmoja mmoja.

Nastasia alimnywesha sili wa Moses nusu ya kikombe, kisha akaomba mkono wa mwanawe, wakashuka hadi maji yanapoanzia. Akamimina nusu iliyobaki baharini.

"Alikuja kwako," akasema, "na ameondoka na kiu."

"Kesho nitakwenda tena, mama. Nitabeba ile ndogo."

Nastasia alikikung'uta kikombe.

"Nenda. Lakini sili wenzake wameshapata habari zako."