Waya Chini ya Kitenge

Mume wangu alikuwa fundi wa pikipiki pale mtaani kwetu Bwiza, na alikuwa na ugonjwa wa kupenda vitu vinavyong'aa. Wakati ananioa nilikuwa na meno meupe sana. Sijawahi kumuuliza kama ndiyo sababu, kwa maana jawabu ningelijua usoni mwake.

Miaka ile ya vita, nchi jirani zimetuwekea vikwazo, petroli inauzwa kwa chupa za soda na vipuri havionekani hata kwa dua, ndipo yeye alipoona wakati umefika wa kuwa na pikipiki yake mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama nchi alimwachia mzoga mmoja wa pikipiki ya zamani, wakabadilishana na baiskeli. Kuku walikuwa wanatagia juu ya kiti chake. Akauingiza sebuleni, na kwa miaka miwili nilipokea wageni jikoni.

Siwezi kusema uongo, kazi aliijua. Gaskiti za kuzibia injini alizikata kwenye maboksi ya viatu. Vyuma alivisugua kwa majivu na ndimu mpaka nikawa najitazama humo nikifunga kilemba. Tangi alilipaka nyekundu, tabaka juu ya tabaka, na kati ya tabaka na tabaka hakuna mtu aliyeruhusiwa kufagia. Siku injini ilipowaka mara ya kwanza ilitoa mshindo mmoja, mtaa mzima ukalala chini. Tulizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, yeye akiomba huku anacheka kwa furaha.

Lakini wakati ule watu wenye bunduki nao walipenda pikipiki. Walikuwa "wanaazima". Wa upande gani, hatukuuliza, na iliyoazimwa haikurudi. Sisi tuliihitaji ile yetu. Kila asubuhi nilikwenda Kinama kununua lengalenga na nyanya za kuuza soko la Jabe, na kwa mguu nilifika mboga zimeshalala. Ikichukuliwa, watoto hawali. Tena nilimjua mume wangu: ikichukuliwa, na yeye asingebaki mzima.

Basi nikamwambia, "Tuiharibu sura."

Alinitazama kama nimemwambia tumkate mtoto pua. Lakini akatoka nje, akakaa barazani ameipa nyumba mgongo, nami nikashika brashi. Lile tangi nyekundu nililipaka rangi ya kijani iliyobaki jirani alipopaka geti lake, makusudi nikaacha nywele za brashi ndani. Vyuma nikavipaka grisi na masizi ya sufuria. Kiti nikakishonea gunia, taa nikaifunga kwa mipira ya baiskeli, nyuma nikaning'iniza tenga la kuku. Aliporudi ndani alisema neno moja tu: "Astaghafirullah." Nikajua nimefaulu.

Tulipita kwenye bariyeri, kizuizi cha wenye bunduki kwenye njia ya Kinama, miezi mingi bila mtu kututazama mara mbili. Mpaka siku moja kijana mmoja pale, mwenye bunduki begani, akainamisha kichwa akasikiliza. Kumbe naye aliwahi kuwa fundi.

"Mzee," akasema, "hii pikipiki sura ni ya maiti, lakini sauti ni ya bibi arusi. Kesho upite nayo tena. Mi nitaijaribu."

Kutopita kungekuwa kukiri. Mchana ule mume wangu hakula. Alichukua waya wa breki ya baiskeli, akaufunga kwenye nyaya za umeme, akaupitisha chini ya kiti, ncha yake akanipa mimi mkononi. Ukiuvuta, umeme haufiki kwenye buji inayotoa cheche, injini inakohoa mara mbili tatu na kufa. Ukiuachia, inawaka vizuri kabisa. Akanifundisha barazani kama anavyofundishwa mtoto kusoma alifu.

Kesho yake nilikaa nyuma, waya chini ya kitenge changu. Hatua kumi kabla ya bariyeri, nikavuta. Ikakohoa, ikafa. Yule kijana akaipanda mwenyewe, nami nikasogea karibu sana, mkono chini ya gunia la kiti, waya bado nimeuvuta, kama mama anayeionea pikipiki huruma. Akapiga kiki. Akapiga kiki. Akavua koti, akapiga kiki tena, mpaka wenzake wakaanza kumhesabia kwa sauti. Ndani yangu kilio na kicheko vilikuwa vinasukumana, na nasema kweli sikujua kipi kitatoka kwanza.

"Apana!" akasema mwisho, jasho linamtiririka. "Mutoe hii takataka hapa!"

Tena wakatusukuma wao wenyewe, watu watatu.

Tangu siku ile ikawa dawa yetu. Bariyeri mpya, sura mpya, navuta. Bali kila dawa ina uchungu wake. Watu wa Jabe waliopita njia ile walikuwa wanatuona tukisukuma mpaka bariyeri ipotee machoni, na habari zikafika Bwiza: fundi ambaye pikipiki yake mwenyewe haiwaki. "Mganga hajigangi!" walimpigia kelele sokoni. Wateja wakaanza kupeleka pikipiki zao kwingine. Maneno mawili tu yangemwokoa, lakini siri ikiingia soko la Jabe saa mbili, saa tatu iko bariyeri. Akanyamaza. Miaka mitano alinyamaza, mtu ambaye hakuwahi kukubali kushindwa hata kwenye karata. Mimi ndiye niliyekuwa na waya mkononi, na kila kicheko chao kilinichoma.

Bariyeri zilipoondolewa, akaivua. Ile kijani ilibanduka kwa kisu cha mkate na tangi nyekundu likatokea. Chini ya grisi yangu vyuma vilikuwa vinang'aa vilevile. Aliosha hata tenga, sijui kwa nini. Asubuhi ya kwanza nikavaa kitenge changu cha sikukuu, tukatoka. Alitaka kupita Jabe kwa kasi, wasimtanie.

Lakini ule waya alikuwa amesahau kuutoa. Mimi sikusahau.

Katikati ya soko, mbele ya wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikavuta. Ikakohoa, ikafa. Mabega yake yakashuka, na papo hapo nikasikia, "Mganga hajigangi!" kutoka meza tatu kwa mpigo.

Nikashuka. Nikauinua ule waya juu ili kila mtu auone.

"Munaona hii?" nikasema. "Miaka yote ile ni mi nilikuwa naiua bariyerini, isiazimwe. Fundi hana kosa. Baba watoto, piga kiki."

Alinigeukia, macho yamelowa. Nikauachia waya, akapiga kiki moja tu. Ikawaka. Nikavuta, ikafa. Nikaachia, kiki moja, ikawaka. Wale wauza ndagala wakataka kuvuta na wao, wakapanga foleni. Kabla ya adhuhuri watu wawili walikuwa wamemuuliza kama ana nafasi ya kutengeneza zao.

Tulipokuwa tunarudi, polepole, akasema bila kugeuka, "Mama watoto, na kama ingekataa kuwaka kweli?"

"Ningesukuma," nikamwambia. "Nimezoea."