Kifimbo cha Fonti

Mashine yetu ya kusokota vyuma inakaa juu ya meza, na watu wawili wanaweza kuibeba. Upande mmoja kuna taya zinazobana kifimbo cha chuma, upande wa pili kuna gurudumu la mkono. Mwanafunzi akizungusha, kifimbo kinasokoteka kama nguo inayokamuliwa, na mshale unaonyesha nguvu inayoingia. Nafundisha nayo chuoni Gitega.

Shule moja ya ufundi Muyinga ilituomba tuipeleke ili wanafunzi na wazazi waione ikifanya kazi. Nilikwenda na mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Nyamugari. Tulipoishusha kwenye gari tukakuta kinga yake ya plastiki, ile inayofunika kifimbo, imepasuka toka ncha hadi ncha.

"Kile kifimbo cha fonti tukiache," mwenzangu akaninong'oneza. "Kinga hii itazuia nini?"

Nikakubali. Chuma cha kawaida kinasokoteka taratibu, kinakupa muda. Fonti, chuma kigumu cha kumimina kwenye kalibu, hukaa kimya halafu hupasuka ghafla, na vipande huruka. Nikamweleza direkta wa shule. Akatazama watu waliojaa darasani.

"Hawa wamekuja kuona chuma kikivunjika, madamu."

"Leo watakiona kikisokoteka."

Tukaanza na chuma cha kawaida. Nilikuwa nimekichora mstari wa chaki toka mwanzo hadi mwisho, na kadiri wanafunzi walivyozungusha, mstari ukajizonga kama msuko wa nywele. Lakini kilichelewa kukatika, na nyuma watu wakaanza kupiga soga. Kilipokatika, mzazi mmoja aliniita mlangoni kuniuliza habari za chuo. Nikaenda.

Nilipogeuka, kwenye taya kulikuwa na kifimbo kingine. Cheusi, chenye ngozi ya kukwaruza. Direkta alikuwa ameitoa ile fonti kwenye sanduku letu, akaifunga mwenyewe na sasa anazungusha gurudumu, na msichana mmoja mwenye mtandio wa bluu ameinama, uso karibu kabisa na mashine, anasoma kwa sauti pembe ya msokoto.

"Acha!" nikapiga kelele.

Direkta akaacha gurudumu. Hilo halikutosha: mshale ulikuwa umebaki juu, nguvu yote bado imo ndani ya kifimbo.

"Binti, funika macho. Rudi nyuma, polepole, usiguse meza."

Akarudi nyuma huku mikono imefunika uso. Mwenzangu akavua koti lake akalitupa juu ya taya. Nikashika gurudumu, nikaanza kulirudisha. Mshale ulipolala kwenye sifuri, ndipo nikasikia mwanamke akisimama.

"Mi ni mama yake," alisema. Alikuwa muuza vitenge wa sokoni, mtandio umefungwa vizuri. "Mwalimu, niambie kweli. Mtoto alikuwa mu hatari?"

Direkta alinitazama. Nilijua anataka niseme nini.

"Ndiyo, mama. Kipande kingeweza kumtoboa jicho."

"Basi nioneshe. Nataka kuona ile chuma ingefanya nini."

Mwenzangu alitaka tufunge tuondoke. Mimi nilidhani mama ana haki. Tukasimamisha mbao nene za meza pande zote za mashine, tukaweka ubao mwingine juu, watu wote tukawatoa nje. Nikavaa miwani ya kazi, nikazungusha peke yangu. Hata robo ya mzunguko haikufika. Paa! Nilipoondoa ubao, kipande chembamba kilikuwa kimejichimbia ndani ya mbao.

Watu waliporudi ndani, mama alikigusa kwa kidole, akamgeukia direkta. Hakumfokea. Yule mtu mzima akainamisha kichwa mbele ya wanafunzi wake.

"Mnisamehe, mama. Nilifanya haraka."

Binti mwenyewe alikuwa ameokota nusu ya kifimbo na kukizungusha kwenye mwanga.

"Madamu, mbona kimekatika mshazari, kile cha kwanza kimekatika bapa?"

Nilikaa chini nikamweleza. Mwaka uliofuata alikuja Gitega kusoma kwetu. Mama yake alimleta mwenyewe, na kabla ya kusaini chochote aliomba kuingia maabara. Tulimwonyesha kinga mpya. Aliigonga kwa ngumi, akaigonga tena kwa nguvu zaidi, ndipo akasema sawa.