Unga Uliokataa Kushika

Juzi hapa sokoni Mkomaindo muuzaji mmoja alimwaga kunde kwenye sinia la bati, nikacheka peke yangu. Kunde nzima zina mlio wake, jamani, mzito na wa kushiba. Zilizotobolewa na fukusi hulia kama maganda. Mlio ule ukanirudisha Kitangari, mwaka niliopika udongo.

Nilikuwa na miaka tisa, najiona mwanamke kamili. Mama alikuwa amenunua Masasi mfuko wa vumbi jeupe, laini, lisilo na harufu, la kuhifadhia mbegu. Aliambiwa ni udongo uliotokana na magamba ya vijimea vya majini, vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyokufa zamani sana. Yeye akauita "unga wa kunde". Unga! Kwa mtoto aliyelelewa kwa ugali wa muhogo, neno hilo lina maana moja tu.

Basi shangazi akaja kutoka Nanganga, mama kaenda kuteka maji.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Somoe. Mgeni ana njaa."

Nikabandika sufuria, nikatia unga, nikasonga. Haukushika. Nikaongeza. Ukawa tope jeupe, na nusu ya mfuko imekwisha.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama alipotua ndoo hakucheka.

"Umeonja?"

"Kidogo, mama."

"Kuonja kidogo si neno. Kuvuta vumbi lake puani ndiko kunakoumiza mapafu."

Shangazi akadakia, "Wifi, mtoto kaonja na yu hai, fukusi atakufa vipi? Umeuziwa udongo!"

"Mdharau mwiba mguu huota tende," mama akamjibu.

Debe la kunde lililokuwa ndani ndilo lilikuwa mbegu yetu yote. Likiharibika, msimu ule hatupandi. Na mama akanikabidhi vumbi lililobaki, mimi mharibifu, nilichanganye. Nilijifunga kanga puani na mdomoni, nikaupa upepo mgongo, nikazigeuza kunde juu ya turubai mpaka kila punje ikapakaa. Maji marufuku, maana likilowa halina kazi.

Shangazi alirudi wakati wa kupanda, maneno yaleyale mdomoni. Mama akaniambia nifungue debe. Nikamwaga, na loo, kunde nzima! Fukusi wachache waliokuwamo wamekauka kama pumba. Nikajipigia kigelegele mwenyewe.

Shangazi akaokota punje, akaigeuza, akaikodolea macho. "Wifi, na mimi nigawie mbegu."

"Muombe aliyezichanganya."

Akaniomba. Nikajifanya sijasikia, akaniomba tena.

Shuleni nilikuja kujua kwamba vumbi lile haliui kwa sumu. Humkwaruza mdudu ngozi yake ya nta, likamfyonza maji mpaka afe kwa ukavu. Sisi tulioshuka mteremko na kupanda tena kwa ajili ya ndoo moja ya maji tungeielewa silaha hiyo bila mwalimu.

Lakini jingine nimelielewa baada ya kuzaa. Mama angeweza kuzichanganya mwenyewe, tena vizuri zaidi. Aliona aibu imenishika, akaona heri ahatarishe mbegu ya nyumba nzima kuliko kuniacha na aibu ile.