Kiota cha Pasaka Kilichotoka Ngata

Mimi ni mtu wa kulima maharage na kufuma vikapu. Mikono yangu haijazoea kutengeneza kitu kisicho na kazi. Ndivyo nilivyomwambia binti yangu kwenye simu wiki ile ya kuelekea Pasaka, aliponishauri nicheze na mtoto wake. Akanijibu kwamba basi, mtoto akiendelea kulia, Jumatatu ya Pasaka anakuja kumchukua. Hapo nikakubali.

Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu wa kike, kazaliwa Mwanza na kukulia huko huko. Aliletwa hapa kijijini Ntobeye akae nami likizo yote. Asubuhi alikuwa ananipa shikamoo, naitikia marahaba, na maongezi yetu yanaishia hapo mpaka jioni, anapoomba simu ili amlilie mama yake. Nami nilikuwa nimemngoja mtoto huyu tangu anatambaa. Nilitaka abaki. Ila kumwambia mtoto kwamba nataka abaki, hilo sikufundishwa. Nikifungua kinywa kinatoka "nawa miguu" au "kaa vizuri".

Binti yangu alisema watoto wa siku hizi wakati wa Pasaka wanapaka mayai rangi, wanakata sungura wa karatasi, wanatengeneza vifaranga na kiota. Alisema ni kazi rahisi, hata mtoto wa chekechea anaiweza. Neno hilo ndilo lililoniingiza matatani. Nililea watoto wangu wote na kuwasomesha kwa vikapu, leo nishindwe na kazi ya chekechea?

Jumamosi Kuu, tulipomaliza kufagia uwanja, nikamwita mtoto tuanze.

Mayai niliambiwa niyachemshe na maganda ya vitunguu, yatatoka mekundu ya kupendeza. Niliona maganda ni machache nikaongeza majani ya chai. Halafu mkono wangu, ambao hauwezi kuona maji yanachemka ukatulia, ukatia chumvi. Yalitoka rangi ya tope la barabara ya Kasulo mvua ikinyesha. Mjukuu wangu aliyatazama akauliza kama yameoza. Nilimjibu kwamba mayai ya nyumba hii hayaozi, na nilimjibu kwa sauti ile ya kufukuzia mbuzi. Akasogea mbali na sufuria.

Tukaenda kwa sungura. Sungura namjua, kila mwaka anakula maharage yangu, sikuhitaji picha. Nilichukua boksi la sabuni na kisu cha jikoni nikakata. Masikio niliyaacha marefu ili yaonekane vizuri, nayo yakapinda kwenda nje, huku na huku. Jirani yangu, ninayefuma naye vikapu na ambaye hajawahi kupita kwangu bila kuacha neno, akasimama pale uani akaangalia. Akauliza huyo ng'ombe anachinjwa kesho au tunamngojea mgeni. Mtoto akainamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Nikamtazama jirani kwa jicho baya, akavuta kigoda akakaa.

Vifaranga tuliwakata kwenye karatasi za daftari kuukuu. Gundi nilikoroga mwenyewe kwa unga wa muhogo, nikawawekea macho ya mtama na midomo ya mahindi. Hao walipendeza, nasema kweli. Nikawaanika juani wakauke, nikaingia ndani kutafuta majani makavu ya mgomba. Kutoka, kuku wangu wamewazunguka. Walidonoa macho yote, wakamaliza na midomo. Mwanamke mzima kama mimi, niliyefuga kuku maisha yangu yote, naanika nafaka chini na kuondoka. Jirani alikuwa ameketi pale pale anaangalia. Nilipomuuliza kwa nini hakuwafukuza, alisema alidhani nawalisha.

Kikabaki kiota. Hapo nikajiambia sasa tumefika kwenye kazi yangu. Nikayalowesha majani kidogo, nikayasokota, nikazungusha, nikakaza kwa kamba ya mgomba, huku namweleza mtoto kwamba mimi nilianza kazi hii nikiwa mdogo kuliko yeye. Nilieleza mengi. Nilipomaliza nikakiweka chini, nikamwambia atie yai. Akatia. Yai likapita katikati, likagonga jiwe, likapasuka.

"Jirani," akaniambia yule mfumaji mwenzangu taratibu, "hiyo ni ngata."

Nilibisha. Lakini ilikuwa ngata, ile ya kuwekea ndoo ya maji kichwani, nzuri na imara, na katikati ina tundu kama ngata zote. Nikasema nitafanya kingine. Nikafanya kingine, nacho kikatoka ngata. Maisha yangu yote nikishika majani makavu mikono inakwenda huko yenyewe, hainiulizi.

Mjukuu wangu akaokota moja, akaivaa kichwani, akamweka juu yake yule sungura mwenye pembe, akatembea kuvuka uwanja mikono ameiachia. Sungura hakuanguka mpaka mtoto alipocheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko chake. Ni kikubwa, hakilingani na mwili.

Kisha akaja akakaa karibu yangu, akaninyang'anya majani.

"Bibi, unakaza mno. Kuku hafumi."

Akayafikicha majani, akayatupia kwenye bakuli ovyo ovyo, akayabonyeza katikati kwa ngumi. Akaweka mayai yale ya rangi ya matope. Yakatulia. Ilikuwa kazi ya muda mfupi kuliko ninaopoteza kutafuta kamba. Jirani akasema sasa tumepata fundi, akanitazama mimi ili nijue hanizungumzii.

Jioni, kabla hatujajiandaa kwenda kanisani, binti yangu akapiga kuuliza aje Jumatatu saa ngapi. Mtoto aliongea naye, mimi namenya ndizi na kujifanya sisikii.

"Mama, usije," akasema. "Bibi hajui kutengeneza kitu hata kimoja. Na yai ametufanya tukalivunja. Ngoja nimfundishe kwanza."

Binti yangu akaomba kuongea nami. Nikapokea simu, nikamwambia amesikia mwenyewe, mwalimu wangu amekataa kuondoka, na mimi nina ndizi za kumenya. Nikakata haraka, nikamgeukia mtoto, nikamwambia anawe miguu.