Mgonjwa Aliyekataa Kadi

Mzee wangu, baba watoto wangu, alituambia anaumwa mara tatu, na mara zote tatu nilimpa alama. Ya kwanza nilimpa sita kwa kumi. Ya pili saba, kwa sababu alikuwa ameanza kutumia mikono. Ya tatu nilimpa nne na juu yake nikamkaripia. Nayaandika haya mwanzoni ili mtu asije akasema baadaye kwamba nilificha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nimeishi mtaa huu wa Munyaka tangu kabla nusu ya nyumba zake hazijajengwa, na safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka jikoni mpaka kwa kamba ya nguo, na nikirudi lazima nikae. Mji wa Timboroa, kule barabara kuu, nimeupita mara mbili maishani, mara zote nimelala. Nilimaliza kidato cha nne na C ya Kiingereza, ingawa mbele ya wageni hiyo C huwa inaota plus. Mzee wangu alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha nguo mpaka akastaafu. Alikuja kutoka Magharibi na maneno machache na hapa Eldoret hakuongeza mengine. Ukimuuliza ameamkaje, anakwambia, "Nimeamka." Miaka thelathini na moja nimejibiwa hivyo.

Aliyetuingiza katika mambo ya kadi ni kitindamimba wetu, aliyekuwa akisomea uuguzi katika chuo kimoja mjini. Msichana mwerevu, mifupa yote ya mwili anaijua kwa jina kama majirani. Lakini mweke mbele ya mgonjwa, mwambie azungumze naye kwa Kiingereza, anageuka mti. Alikuwa ameshaanguka mtihani wa mawasiliano mara moja, na akianguka tena angerudia mwaka. Mwalimu wao akawapa pakiti ya kadi wakafanye mazoezi nyumbani. Kila kadi ina mgonjwa wake: umri, kinachomuuma, na tangu lini. Mmoja anakuwa mgonjwa na kusoma kadi kimya. Mwingine anakuwa nesi, anauliza mpaka agundue, na yote anayoambiwa anayaandika kwenye kijitabu. Wa tatu ni hakimu. Anatoa alama, anatia sahihi, na kijitabu kinarudi kwa mwalimu.

"Baba atakuwa mgonjwa," msichana akasema.

"Baba yako? Huyo hata kuwa baba yako anaigiza kwa shida. Atakaa hapo kama gunia la mahindi."

"Mathe, wewe ukiwa mgonjwa, nesi atapata saa ngapi nafasi ya kuuliza?"

Mzee akacheka kile kicheko chake cha puani. Basi nikawa hakimu. Nilitafuta kalamu nyekundu, nikavaa miwani ambayo siihitaji, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana sebule yetu ikawa wodi. Kiti cha dirishani kilikuwa kitanda. Nesi alitoka jikoni, akabisha mlango ambao uko wazi, akasema, "Good afternoon, sir," na mimi nikamrudisha jikoni kwa sababu alikuwa ameisemea sakafu.

"Mwangalie usoni! Sakafu haiumwi."

"Mama, nawe umezidi."

"Rudi. Bisha tena."

Mwanzoni Mzee alisoma kadi kama anayesoma orodha ya bidhaa. Malaria, siku tatu. Kuhara, siku mbili. "Hii si stoo, Mzee," nikamwambia, "hatuhesabu mablanketi. Umwa kidogo." Msichana alicheka mpaka kalamu ikaanguka, na nadhani ni hapo Kiingereza kilipoanza kumfunguka, maana ni vigumu kumwogopa mtu mnayecheka naye.

Kisha ikaja Jumapili ya mguu. Kadi ilisema mgonjwa ameanguka kwa baiskeli, mguu umeteguka. Mzee aliiangalia kwa muda mrefu, akaitia kwenye mfuko wa shati. Msichana akabisha, akasalimia, akauliza kinachomsumbua. Mzee akajibu kwa Kiingereza safi, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe, kwamba chakula kinakwama. Akagusa kifua. Hapa. Nyama haipiti tena. Juzi hata ugali ulisimama.

"Hiyo si kadi yako!" nikaruka. "Kadi inasema mguu!"

"Nesi hajui kadi inasema nini," akanijibu kwa Kiswahili.

"Mama, nyamaza, anauliza nesi." Msichana akamgeukia baba yake. Tangu lini? Mzee akasema tangu kabla ya mahindi kupandwa. Msichana akaandika. Mimi nikaandika sita, nikaongeza pembeni: mgonjwa atulie kwa kadi yake.

Mtu atauliza, na wewe uliyempikia hukuona? Niliona. Niliona kwamba mtu aliyezoea kunywa chai ikitokota ameanza kuiacha ipoe, nikawaambia majirani kwamba kustaafu kumemfunza ustaarabu. Niliona nyama yake inahamia sahani ya msichana, "mpe mtoto, anasoma," nikafikiri ni upendo. Upendo ulikuwemo pia, siwezi kuukataa. Niliona anamwagia ugali mchuzi mpaka unaelea, nikamuuliza kama anataka kijiko au mtumbwi.

Jumapili iliyofuata alipewa kichwa kuuma. Akaiweka kadi mfukoni, akarudi kifuani kwake. Sasa alitumia mikono. Alionyesha jinsi chakula kinavyoshuka, kinapofika na kusimama, kinavyorudi. Akaonyesha mshipi wake, tundu jipya alilotoboa kwa msumari. Nikamwona msichana ameacha kuandika, anamwangalia tu. Mwalimu wao alikuwa amewafundisha jambo moja ambalo nililiona la ajabu: uliza, halafu nyamaza. Hesabu mpaka tano moyoni. Alisema wagonjwa wengi hutanguliza neno dogo, na lile kubwa liko nyuma yake linangoja kuona kama kuna nafasi.

Msichana akauliza kama kuna kitu kingine kinachomsumbua. Akanyamaza. Nilijua anahesabu. Mzee akafungua mdomo.

Mimi kimya kinanisumbua kama maziwa yaliyo motoni, lazima nikimbie. Nikasema, "Mpelekeni thieta mara moja, hiyo nyama itolewe irudi kwa sufuria, kilo imepanda bei!"

Tulicheka sote watatu. Yeye pia, puani. Kisha akafunga mdomo. Nikaandika saba.

Hiyo ndiyo Jumapili ninayoirudia nikifua, nikichambua mchele. Sikumbuki kadi nyingine yoyote vizuri kama ninavyokumbuka ule mdomo ukifunguka.

Mara ya tatu mtihani ulikuwa umekaribia na mimi nilikuwa na wasiwasi kuliko mwanafunzi mwenyewe. Mzee alipoanza tena, sasa anasema anaweza uji tu, nilipiga meza. "Unamwangusha mtoto! Mtihanini watampa mtu wa mguu, yeye amezoea mtu wa koo moja tu. Kadi ni kadi, Mzee."

Akaniangalia. Akatoa kadi mfukoni, ni ileile ya mguu, akaisoma, akairudisha. Akawa mtu aliyeteguka mguu. Aliinua mguu, akauma meno, akasema baiskeli haikuwa na breki. Alifanya vizuri sana. Lakini alama nilikuwa nimeshaandika, nne, na sikuibadilisha, kwa sababu hakimu akianza kubadilisha atadharauliwa.

Msichana alipita. Aliingia akicheza kutoka kwa geti, akanikumbatia nikiwa na unga mikononi. Nikachinja kuku. Mzee akanywa supu, akamshika msichana kichwa, akatoka nje. Alipokawia nilimfuata nikamkuta nyuma ya tangi la maji, ameinama, ile supu yote iko chini.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

Alijifuta mdomo.

Hospitalini tulikaa kwa benchi siku mbili kabla Mzee hajapitishiwa kooni mrija wenye kamera, na siku ya tatu tukaingia kwa daktari, kijana mwenye macho ya kuchoka. Akamuuliza Mzee yameanza lini. Sauti ya Mzee ilikuwa imeshaanza kukwaruza. Akamwonyesha msichana kwa kidole.

"Muulize huyu," akasema. "Ameandika."

Alikuwa anatania. Nilimjua kwa ile pua yake. Lakini msichana alifungua mkoba wake wa chuo, akatoa kijitabu na kumpa daktari, mikono miwili, kama anayekabidhi mtihani. Daktari akasoma. Kabla ya mahindi kupandwa. Nyama kwanza, kisha ugali. Tundu la mshipi. Uji tu. Yote kwa tarehe zake, kwa mwandiko wa kujipanga. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa wino wa kijani kwamba historia imechukuliwa vizuri, ila mgonjwa hakufuata kadi. Na chini ya kila ukurasa ilikuwa sahihi nyekundu, yenye mkia niliouvuta kwa madaha.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akarudia kusoma. Alituambia ugonjwa umeenda mbali. Nikamuuliza ingekuwaje kama tungekuja wakati ule wa ukurasa wa kwanza. Akasema ni vigumu kujua, Mama. Nilijua ni adabu tu, na nilimshukuru kwa hiyo adabu, na bado sijaimeza.

Tulirudi nyumbani. Siku moja nikikunja nguo karibu naye nilimuuliza mbona alisema kwa Kiingereza, sisi ambao tumelala kitanda kimoja miaka yote hiyo.

"Kwa Kiingereza ilikuwa kama ni ya mtu mwingine," akasema. "Nilitaka nione kwanza mtamfanyia nini."



Msichana alisema anaacha chuo. Alisema nesi gani anayemsikiliza mgonjwa mara tatu, anaandika kila neno, halafu anaenda kuosha vyombo. Nilimwambia makosa ni ya hakimu. Akaniambia, "Mama, mimi ndiye niliyeshika kalamu." Siku kadhaa tulizungukana kwa nyumba hivyo, kila mtu anabeba lawama na hataki kusaidiwa. Mimi nilijificha jikoni. Nilisaga, nikachuja, nikasaga tena. Ndizi, maboga, uji wa wimbi mwepesi kama maji ya kuoshea. Niliona nikisaga sana labda kitapita.

Jumapili moja, zikiwa zimebaki Jumapili chache ingawa hatukujua, nilikuwa nimeketi sebuleni kwa bahati mbaya, nangoja sufuria. Mzee alikuwa kwa kiti cha dirishani, na blanketi. Msichana akaja, hakubisha popote. Akavuta stuli akakaa chini kidogo ya macho ya baba yake. Hakushika kalamu.

"Baba," akasema, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, "katika haya yote, ni nini kinakusumbua zaidi?"

Akanyamaza.

Nikahesabu. Tano ikapita. Kumi ikapita. Nilikuwa na mzaha ulimini, ulikuwa mzuri pia, na sufuria nilisikia inaanza kuchemka. Nilishika kitambaa cha kiti kwa vidole vyote. Nje mtu alikuwa anaita kuku. Sijui tulifika ngapi.

"Naogopa njaa," Mzee akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Kufa sijui kukoje," akaendelea, "lakini njaa naijua. Tulilala nayo nikiwa mdogo. Sasa nakaa hapa, nasikia mama yako anakaanga vitunguu, na ninajua chakula hakifiki. Yeye anajitahidi. Simwambii kwa sababu anajitahidi."

Mimi niliyempikia miaka thelathini na moja nikainuka. Sikuwa na mpango, miguu yenyewe ilijua njia ya jikoni, nikaseme uji uko tayari, nikasage kitu, nikazime moto, chochote. Msichana akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanishika kiganja, akanivuta chini nikakaa sakafuni karibu na stuli yake. Hakuwa amemaliza kumsikiliza. Sufuria ikachemka ikamwagika, tukaisikia ikizima moto, na Mzee akaendelea kusema.