Nilivyopigania Chakula cha Shule Isiyo Yetu

Walikuwepo Mwalimu Mkuu Bi Salma, mwenyekiti wa kamati Mzee Mkopi, Mama Siwatu mpishi, wazazi wa kilimani, na mimi. Nawataja ili asije mtu akatia chumvi.

Mto ulipofurika, shule yetu ya bondeni ilihamia kwenye majengo ya shule ya kilimani. Wenyeji husoma asubuhi, wetu mchana. Niliposikia kuna kikao cha wazazi nikaenda, maana mdogo wangu Rehema anasinzia darasani kwa njaa, na tangu tufiwe, mzazi wake ni mimi.

Mzee Mkopi akasema chakula cha shule kisubiri mavuno.

Nikasimama. "Babu, tumbo la mtoto halisubiri! Niliishia darasa la tano, lakini hilo nalijua. Natoa debe la mchele. Asiyetoa aone haya!"

Wakapiga makofi, kila mtu akaahidi chake.

"Mwanao nani, dada?" akauliza Bi Salma.

"Rehema, wa mchana."

"Mchana ni shule nyingine. Hiki ni kikao cha shule ya asubuhi."

Mama Siwatu akaangua kicheko. "Shoga, umetulishia wanetu!"

"Basi wale, washibe," nikamjibu, uso ukiniwaka.

Sirudi nyuma. Debe lao bado nadaiwa, na la shule ya Rehema hata sijaanza kulitafuta.